Usipime telomerasi ya pezi ukasemea utumbo

Usikate mapezi hayo bado. Umeandika kwamba utakata mikia ya samaki-pundamilia wachanga na wazee, upime telomerasi (kimeng'enya kinachorefusha telomeri, yaani vikinga vya ncha za kromosomu) kwenye pezi linaloota, kisha ueleze jinsi mwili mzima unavyojirudishia tishu uzeeni. Ukauliza pia idadi ya samaki na joto la maji. Mimi nilifanya hivyohivyo, nikapoteza mwaka na zaidi.

Pezi lilinidanganya. Samaki wa miaka miwili, katika maji ya nyuzi 28, aliotesha mkia kwa takriban wiki mbili, ukingo mpya ukiwa mwembamba hata ukipitisha mwanga, na telomerasi ilionekana wazi. Aliyekuwa akinisimamia akasema, bila hata kuangalia utumbo, kwamba samaki huyu ana kimeng'enya hicho maisha yake yote na kwa hiyo telomeri zake hazifupiki. La kwanza ni kweli, la pili si kweli, na bado naumia kwamba aliniacha niandike sura mbili za tasnifu juu ya neno lake. Nilipokuja kuweka vipande vyembamba vya utumbo wa samaki haohao chini ya hadubini, vidoa vinavyoonyesha telomeri, vilivyong'aa kwa wachanga, vilikuwa vimefifia kwa wazee. Sura zote mbili nikazifuta.

Telomeri za utumbo na misuli hufupika samaki anapozeeka, ingawa telomerasi ipo. Ikifupika mno, seli huichukulia kama DNA iliyokatika, protini p53 huamka na kugawanyika husimama; hapo hakuna tishu itakayojijenga upya. Samaki waliozaliwa bila telomerasi huzeeka mapema, utumbo na korodani vikitangulia kuharibika, na moyo wao uliojeruhiwa hushindwa kujirudishia misuli.

Kwa hiyo pima urefu wa telomeri zenyewe, katika tishu ileile unayotaka kuizungumzia, seli kwa seli. Usitegemee wastani wa kipande kilichosagwa, kwa sababu wastani huficha seli chache zenye telomeri fupi kupita kiasi, na hizo ndizo zinazoacha kugawanyika. Kipande cha pezi utakachokata siku ya kwanza usikitupe: kihifadhi kwa namba ya samaki wake, maana kikishapotea hutapata tena cha kulinganisha na pezi jipya.