Saa sita za Bagamoyo: namna ya kuchambua filamu fupi ya mapenzi, vichekesho na safari ya kurudi nyuma katika wakati

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umepewa kazi ya kuchambua filamu fupi ya mapenzi yenye vichekesho, ambamo mhusika anarudi nyuma katika wakati, na kwamba umekwisha kuorodhesha shoti zote, yaani kila kipande kilichopigwa bila kukatwa, lakini hujui orodha hiyo ikufikishe wapi. Nakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mhariri wa filamu ya aina hiyo, ya dakika 11, tuliyoipiga Bagamoyo, na makosa yetu ndiyo yaliyonifundisha. Orodha yako iweke kando kwanza, kisha utafute kitu ambacho muongozaji amekataa kukibadilisha tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisa chetu kilikuwa kidogo. Kijana amemkosea maneno binti muuza vitumbua saa mbili asubuhi, naye anatamani kurudi ayafute. Katika nyumba moja ya kale anakuta saa ya ukutani yenye uwezo wa kumrudisha mtu nyuma. Tatizo ni kwamba saa hiyo imepangwa kwa hesabu ya wazee wa pwani, yaani mshale ukiwa kwenye mbili ni saa mbili kweli, ilhali yeye, kama sisi sote, amezoea kuona mshale kwenye nane akatamka saa mbili. Basi anauelekeza kwenye nane, na saa inamfikisha saa nane mchana, vitumbua vimekwisha, binti anasugua chuma chake. Anajaribu tena na kuangukia saa nane usiku, ambako anapokewa na mbwa. Wapo waliotushangaa kwamba tumo Bagamoyo, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, halafu msafiri wetu haendi hata kuitazama misafara ya pembe za ndovu. Kusema kweli mavazi ya enzi hizo yangetushinda bei. Lakini hata tungekuwa na fedha, kuchelewa kwa saa sita kunachekesha kuliko kuchelewa kwa karne, kwani hakuna mtazamaji ambaye hajawahi kukuta vitumbua vimekwisha.

Katika uhariri wa kwanza nilitumia pembe tofauti za kamera kwa kila safari ya kijana, kwa kuogopa kwamba watazamaji watachoshwa na kichochoro kile kile. Tulipoionyesha uani kwa majirani, hakucheka mtu. Mama mmoja aliuliza kwa upole kama hii ni siku nyingine au ni ile ile, na nilipolisikia swali hilo nilijua kwamba tumekwisha haribikiwa. Tulirudi tukapiga upya safari zote nne, ukiacha ile ya usiku, tukiwa tumeweka stendi ya kamera juu ya alama zile zile za chaki, kwa lenzi ile ile na kimo kile kile, na binti akaketi pale pale. Katika onyesho la pili watu walianza kucheka kabla kijana hajafumbua kinywa, kwa sababu waliitambua fremu, yaani picha ile ile waliyoiona mwanzo, wakaona meza ni tupu, wakajua kitakachompata. Kwa hiyo katika filamu unayoichambua, hesabu ni mara ngapi kamera inarudi mahali pamoja, na uandike ni kitu gani kimepungua, kimeongezeka au kimehama ndani ya fremu hiyo.

Kwetu, kilichohama kwanza kilikuwa kivuli. Bagamoyo inatazama mashariki, na wageni wanaokuja kutafuta machweo ya baharini kwa ajili ya sini ya mapenzi huambulia jua likizama nyuma ya minazi na mapaa, upande wa bara. Asubuhi mwanga hutoka baharini na kivuli cha nguzo ya baraza hulala kuelekea bara, na ifikapo saa nane kinakuwa kimegeuka kuelekea baharini, kifupi na cheusi. Tuliondoa maandishi yote ya kutaja saa, kivuli kikafanya kazi hiyo, na ikatubidi kupiga kwa muda maalumu badala ya muda uliotufaa.

Kisha bahari yenyewe. Toka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, karibu sawasawa na kosa la kijana wetu, na sikumbuki ni nani kati yetu aliyeligundua jambo hilo, ila sote tulinyamaza kidogo. Tuliweka kamera ufukweni mahali pamoja, tukapiga ngalawa ikielea saa mbili, kisha tukaipiga tena saa nane ikiwa imelalia ubavu mchangani. Shoti hizo mbili zikiunganishwa bila neno, mtazamaji anaelewa kila kitu. Gharama yake ilikuwa kusubiri: siku za bamvua, yaani za maji makuu, maji ya kwetu hujaa karibu na saa kumi, kwa hiyo tulingoja siku nne au tano baada ya bamvua hadi yalipojaa saa mbili, na kwa kuwa kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, shoti iliyoharibika leo haikuweza kurudiwa kesho. Ukiona katika filamu maji yamejaa anaposema mmoja, na yamepwa anapojibu mwenzake, ujue mtu alishindwa kusubiri.

Kuhusu kutoweka kwa kijana, tulitumia njia kongwe kabisa. Georges Méliès wa Ufaransa alisimulia kwamba mwaka 1896 kamera yake ilikwama alipokuwa akipiga picha barabarani Paris, na baadaye kwenye picha akaona basi la farasi limegeuka gari la maiti. Nasi tulisimamisha kamera, kijana akaondoka, tukaendelea kupiga. Kamera ilitulia, lakini kanga iliyoanikwa nyuma ya kijana ilikuwa imepeperushwa na upepo, ikaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine katika mkato, pale vipande viwili vilipounganishwa. Niliificha kasoro hiyo kwa kuweka mlio wa saa ya ukutani juu ya mkato. Sikio likishtuka, jicho husamehe.

Mapenzi ndiyo yaliyonipa taabu zaidi. Kila kijana anapokuta meza tupu, binti hujibu neno moja tu, "Vimekwisha," na neno hilo lilichekesha pale nilipoukata uso wake mapema. Nilipoongeza fremu kumi hivi, yaani chini ya nusu sekunde ya picha, baada ya neno, bila kugusa kitu kingine, ilionekana kana kwamba anajua kijana alikuja kwa sababu yake na anasubiri aseme. Fremu hizo sikuziweka mpaka safari ya tatu, ile ya usiku isihesabiwe, ili mtu aone kwamba binti naye amebadilika ingawa siku ni ile ile. Kwa hiyo pima muda wa nyuso zinazonyamaza katika filamu yako, maana maelezo ya mapenzi hukaa humo kuliko katika mazungumzo.

Safari ya mwisho kijana anafika saa mbili kamili, kivuli kimelala kuelekea bara, meza imejaa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza tuliiondoa kamera kwenye alama za chaki, nusu hatua tu kumsogelea binti, na yule mama wa uani, ambaye hajui lenzi wala stendi, alisogeza kiti chake mbele.