Samadi na mbolea ya dukani kwenye michungwa

*Nina michungwa aina ya Msasa ya miaka minane, udongo wa kichanga. Kila mwaka narundika debe tatu za samadi ya ng'ombe shinani mwa kila mti, lakini majani yanageuka njano na machungwa ni madogo. Jirani anatumia CAN, mbolea ya dukani ya nitrojeni, peke yake na miti yake imestawi. Niachane na samadi? (Msomaji, Muheza)*

Usiachane nayo; ihamishe. Mizizi inayokula ya mchungwa wa umri huo haiko shinani. Iko zaidi chini ya ncha za matawi, kwenye sentimita 30 za juu za udongo. Tena rundo la shinani huweka unyevu unaoozesha gome. Ukiona gome limepasuka na gundi inachuruzika, ugonjwa umeshaingia. Fukua rundo hilo leo, shina libaki wazi sentimita 30 pande zote.

Sasa hesabu. Debe tatu za samadi kavu iliyoiva ni kama kilo 30. Ikiwa na nitrojeni asilimia 1, hizo ni gramu 300, ila mwaka wa kwanza mti huambulia kama theluthi tu, yaani gramu 100. Mchungwa unaozaa unahitaji kama gramu 400 kwa mwaka. Pengo lizibe kwa kilo moja ya NPK 17:17:17 (mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu), inayoleta gramu 170 za nitrojeni, na nusu kilo ya CAN, inayoleta kama 130. CAN ya jirani haina fosforasi wala potasiamu, na kwenye kichanga kisicho na samadi mvua kubwa huishusha chini mizizi isikoifikia. Majani yake mazuri yasikudanganye.

Mwishoni mwa Februari chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 chini ya ncha za matawi, nusu duara tu. Nusu ya pili mwakani, usije ukakata mizizi yote kwa mpigo. Tia samadi, fukia. Mvua za masika zikishika, tawanya nusu ya NPK kwenye ukanda wenye upana wa mita moja chini ya ncha za matawi, kuzunguka mti, ichanganye na udongo kwa jembe juujuu. Matunda yakifikia ukubwa wa gololi, weka CAN yote. NPK iliyobaki ingoje vuli. Kila mara udongo uwe na unyevu, maana kwenye ukavu chumvi ya mbolea huunguza mizizi. Na usipime kwa konzi: pima nusu kilo dukani, imimine kwenye kopo, tia alama. Kila mbolea na alama yake, kwani uzito hutofautiana.

Kabla ya kununua, kagua majani. Yakianza njano yale ya zamani, jani zima, ni njaa ya nitrojeni. Yakiwa machanga, membamba, mishipa ya kijani na katikati njano, ni upungufu wa zinki, na hapo CAN haisaidii kitu. Nyunyizia busta (mbolea ya maji ya kupuliza majani) yenye zinki majani mapya yanapofunguka.

*Naweza kuchanganya samadi, urea na majivu ya jikoni kwenye ndoo moja ili nipunguze kazi? (Msomaji, Korogwe)*

Hapana. Majivu hugeuza nitrojeni ya urea kuwa hewa. Ile harufu kali inayochoma pua ni pesa yako inayopaa. Samadi iliyooza vizuri na urea si vibaya, mradi ufukie papo hapo. Samadi mbichi yenye nyasi na pumba hailishi mti mara moja: wadudu wadogo wanaoiozesha huinyang'anya mizizi nitrojeni, na mbegu za magugu huota. Irundike kivulini miezi mitatu, ukiigeuza kila baada ya wiki tatu. Ikiwa baridi ndani ya rundo na inanukia udongo, imeiva.

*Mimi nina malimau na mbolea ya kuku. Vipimo ni vilevile? (Msomaji, Kilifi)*

Punguza. Ya kuku ni kali: debe moja iliyooza kwa mti unaozaa inatosha, na CAN iache kabisa mwaka huo. Nitrojeni ikizidi, mti hutoa machipukizi mengi na maganda ya matunda huwa manene. Kama kuku wako wanalalia maranda, rundo lioze miezi sita, kwani maranda huoza polepole kuliko nyasi.