Kidole kimekatika, dalali anataka eksirei

SWALI: Nafanya kibarua kiwanda cha chumvi huku Gongoni. Miezi saba iliyopita mkanda wa mashine ulinikata kidole cha shahada. Kampuni ililipa hospitali na kunipa shilingi 20,000 za pole. Kuna bwana aniambia nimpe eksirei na karatasi zangu zote, afungue kesi kortini nipate milioni, yeye achukue theluthi. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Na kama ushampa, kazichukue leo hii, maana daktari atakayepima ulemavu wako atazitaka.

Kila wiki hunijia mtu aliyezungushwa na dalali wa namna hiyo, na wote wameaminishwa jambo moja: kwamba fidia ni kesi. Si kesi! Kifungu cha 16 cha Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile WIBA, hakiruhusu kumshtaki mwajiri kwa ajali ya kazini nje ya utaratibu wake. Sisi mawakili tuliipinga sheria hiyo kupitia chama chetu mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 3 Desemba 2019 tukashindwa. Madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia afisa wake aliye karibu nawe, na hapo humhitaji dalali wala mimi.

Mwajiri alipaswa kuripoti ajali ndani ya siku 7. Kamuulize afisa kama fomu ya DOSH/WIBA 1 ilifika. Kama haikufika, peleka madai mwenyewe. Una miezi 12 tangu siku ya ajali, basi umebakisha mitano. Hapa ndipo watu wanapomalizwa: faili liko kwenye mkoba wa dalali, kila ukipiga simu "tuko karibu", mwaka ukatika. Barua ya kazi kama huna isikutishe. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo na wenzako wa zamu vitasema.

Bili ya hospitali si fidia, wala hizo 20,000. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Tuseme walipwa 18,000 kwa mwezi na daktari akakadiria asilimia 10: ni 172,800. Milioni haipo, lakini theluthi ya dalali ni 57,600 zako.

Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kumwandikia Mkurugenzi pingamizi. Akishajibu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo iko hapa hapa Malindi. Wakili mtafute wakati huo.

Nanyi mafundi wa mjengo Lamu, na wa majahazi, madalali hawa watawafikia hata wodini. Wengine, naona haya kusema, hutumwa na wenzangu, ingawa Sheria ya Mawakili imekataza. Akitaka karatasi mpeni nakala, zile halisi zibaki nyumbani. Na akijiita wakili, mwambieni awaonyeshe cheti chake cha uwakili cha mwaka huu.