Jibu: Roketi inayodondoshwa na ndege haifiki obiti

Salama mkuu. Kwa nilivyokuelewa, kwenye programu yako ya kuigiza urushaji unaachia roketi kutoka kwenye ndege iliyo kilomita 12 juu, umeipunguzia mafuta nusu kwa kuwa "ndege imeshaibeba", na kila mara inarudi chini.

Anza na hayo mafuta. Kimo siyo kazi kubwa, kasi ndiyo kazi. Obiti ya chini (njia ya kuizunguka Dunia kwa karibu) inataka karibu kilomita 7.8 kwa sekunde, na ndege kubwa inakupa kama mita 240 tu. Rudisha karibu mafuta yote.

Halafu angalia pembe. Mimi hesabu zangu huwa nazilinganisha na Pegasus XL, roketi halisi inayodondoshwa na ndege: tani 23 hivi, inaning'inia chini ya tumbo la ndege aina ya L-1011, inaachiwa ikiwa imelala, inaanguka sekunde 5 ndipo injini inawaka. Ina bawa la kuisaidia kuinua pua. Yako haina bawa, kwa hiyo fanya kama ile ndege ya Boeing 747 ya kampuni ya Virgin Orbit: ndege ipandishe pua kwanza, ndipo uachie. Ukiachia mlalo bila bawa, utachoma mafuta mengi kuisimamisha tu.

Hewa nyembamba inakuruhusu nozeli (mdomo wa injini unaotoa gesi) pana zaidi, jaribu hilo pia. Ila faida ninayoikubali kweli ni kuchagua mahali: mwaka 2012 darubini ya angani NuSTAR ilirushwa karibu na Kwajalein, kisiwa cha Pasifiki jirani na ikweta, kwa Pegasus hiyohiyo.

Bado ikianguka, weka hapa uzito wa kila hatua (kila kipande cha roketi chenye injini yake) tuone.