Ncha ya mzizi wa kitunguu: kwa nini kromosomu hazionekani?

SWALI: Ninafundisha biolojia sekondari hapa Bukavu. Niliotesha kitunguu juu ya glasi ya maji, siku ya nne nikakata mizizi yenye urefu wa sentimita 1, nikaitia bluu ya methilini na kuibana kati ya vioo viwili. Kwenye hadubini wanafunzi wanaona visanduku virefu tu, vingine vina kiini, lakini hakuna kromosomu (nyuzi za DNA zinazokaa ndani ya kiini) hata moja. Halafu mmoja akauliza: seli zikigawanyika kila siku, mbona kromosomu hazimaliziki? Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, hivyo visanduku virefu ndiyo dalili yenyewe. Mzizi haugawanyi seli kila mahali. Mwisho kabisa kuna kofia ya mzizi, nyuma yake kuna eneo dogo la milimita 2 hivi ambamo seli hugawanyika, na kuanzia hapo kwenda juu seli zinarefuka tu. Ukiweka sentimita nzima chini ya kioo, karibu yote unayoyatazama ni seli ambazo kazi ya kugawanyika zimeshaiacha. Unazozitafuta wewe ni ndogo, zina umbo la kukaribia mraba, na kiini kimejaa sehemu kubwa ya seli. Kama hizo hazipo kwenye kioo, usihangaike kutafuta kromosomu. Chukua mzizi mwingine.

Tena usitegemee kuona kama kwenye picha ya kitabu. Katika ncha nzuri, kati ya seli 100 huenda 5 hadi 10 tu ndizo zilizo katikati ya mitosisi, yaani ndizo zinazogawanyika. Zilizobaki ziko interfazi, kipindi cha kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine. Kati ya hatua za mitosisi, profazi (kromosomu zinapoanza kujitokeza) utazipata kwa urahisi, metafazi (zinapojipanga katikati ya seli) chache, na anafazi (zinapoachana) ni adimu kwa sababu inapita ndani ya dakika chache.

Jambo la pili ni kwamba mizizi yako ilitiwa rangi ikiwa bado hai. Inapasa kuiua ghafla, seli zisimame pale pale zilipofikia. Changanya alkoholi ya 95% sehemu 3 na asidi asetiki kali, ile isiyo na maji, sehemu 1. Tengeneza siku hiyo hiyo, kwa kuwa vitu hivyo viwili huanza kuingiliana na nguvu inapungua. Siki ya dukani haifai hapa, ina asidi ya 5% hivi tu. Tumbukiza ncha mara tu unapozikata, ziache usiku kucha, kisha uzihamishie kwenye alkoholi ya 70% kama hutazitumia kesho yake. Formalini iache kabisa: inakakamaza mzizi, hautabanika.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu masomo mengi kuliko rangi mbaya. Seli za mmea zimeshikamanishwa na pektini, gundi yake ya asili. Usipoiyeyusha, utapata tabaka juu ya tabaka na hutaona kitu. Weka ncha kwenye asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, nyuzijoto 60, kwa dakika 5 hadi 8. Ikipita hapo inakuwa uji na kromosomu hazishiki rangi tena. Kupata mililita 100 za asidi hiyo, mimina mililita 8.3 za asidi ya 37% ndani ya mililita 80 za maji, kisha ongeza maji hadi 100. Asidi ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si kinyume chake, na kazi hiyo uifanye mwenyewe, si wanafunzi.

Kama hamna mashine ya kupasha maji, kumbuka kwamba Bukavu, kama Goma, iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Sehemu 8 za maji yanayochemka na sehemu 7 za maji ya nyuzi 20 zinakupa maji ya nyuzi 60 ya kusimamishia kichupa cha asidi. Chombo nacho kinakula joto kidogo, kwa hiyo thibitisha kwa kipimajoto.

Suuza ncha kwa maji, kisha itie karmini ya asetiki (rangi nyekundu iliyoyeyushwa katika asidi asetiki) kwa dakika 15 au zaidi. Ukiichokoa ndani ya rangi kwa sindano ya chuma yenye kutu kidogo, rangi inakolea, maana madini ya chuma huisaidia karmini kushika kromosomu. Hapo utaona kipande cha mwisho kimekuwa cheusi kuliko sehemu nyingine. Hicho cheusi tu, milimita 1 hadi 2, ndicho cha kubaki kwenye kioo, kingine kitupe. Weka tone la rangi, funika kwa lameli (kile kioo kidogo chembamba), gongagonga taratibu kwa nyuma ya penseli, halafu weka karatasi laini juu na ubonyeze kwa kidole gumba wima. Lameli ikiteleza, seli zinajikunja na kazi imeharibika. Anza na lenzi ya 10, ukipata seli ndogo nenda kwenye ya 40.

Bluu ya methilini si adui. Inashika viini, ila ikizidi inapaka kila kitu na kromosomu zinapotea humo.

Kuhusu mwanafunzi wako, swali lake ni zuri sana. Kromosomu hazimaliziki kwa sababu DNA hunakiliwa yote wakati wa interfazi, kabla chochote hakijaonekana. Kitunguu kina kromosomu 16. Zinapojitokeza kwenye profazi, kila moja tayari ina kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizoungana. Kwenye anafazi zinaachana, 16 huku na 16 kule. Waambie wahesabu kwenye metafazi iliyotandazika vizuri. Kitunguu saumu nacho kina 16 na punje zake huota mizizi upesi, kwa hiyo kinafaa pale kitunguu cha sokoni kinapogoma kuota.

Lakini wakitaka kuona idadi ikipungua hadi 8, mzizi hautawaonyesha kamwe. Hiyo ni meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza seli za uzazi, nayo hutafutwa ndani ya vifuko vya chavua vya maua machanga ambayo hayajafunguka.