Mkwe anataka mibuni, mtoto anataka rola kosta

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuko Bogotá, Kolombia, kikazi kwa mwaka mmoja. Mwezi wa kumi tutakuwa Armenia, mji wa mkoa wa Quindío huku Kolombia, kwa siku mbili, pamoja na mama mkwe wangu mwenye miaka 67 (magoti yanamsumbua) na binti yetu wa miaka 10. Binti anaililia Parque del Café, bustani ya michezo iliyo karibu na mji huo, kwa sababu ya rola kosta (kigari cha reli kinachopanda na kushuka kwa kasi). Mama amechuma kahawa tangu utotoni, naye anauliza: humo kuna kahawa ya kweli au ni jina tu la kuvutia wageni? Na je, siku moja inatosha?
*Mkamwana wa katikati, Bogotá*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kahawa ipo. Siku moja inatosha, ila msiifanye nilivyoifanya mimi.

Nilikwenda na wapwa zangu wawili. Tulipopita mlangoni tu, wakanivuta kwenye bembea na mashine za kuchezea, nami nikakubali kwa kuogopa kununiwa. Baada ya chakula cha mchana mvua ikashuka, radi zikaanza, mashine kubwa zikasimamishwa. Njia ya mibuni tukaipita tukiwa tumelowa, tunateleza, kila mtu kamkasirikia mwenzake. Mwezi wa kumi ni mwezi wa mvua Quindío, na mara nyingi huja mchana. Kwa hiyo anzeni na kahawa.

Lielewe kwanza umbo la mahali penyewe, maana ndilo litakaloamua habari ya magoti. Mlango uko juu, kwenye ukingo wa bonde. Huko juu kuna mnara wa kutazamia na jumba la makumbusho. Bustanini kuna pia kijiji kilichojengwa kwa mtindo wa zamani wa Quindío, kuta nyeupe, milango na roshani za rangi kali. Nyumba za namna hiyo asili yake ni guadua, mwanzi mnene wa huko, na udongo. Armenia yenyewe ilipigwa na tetemeko la ardhi tarehe 25 Januari 1999, majengo mengi yakaanguka, kwa hiyo mimi sikukiona kijiji kile kama pambo tu.

Mashine nyingi za kuchezea ziko chini bondeni, na njia ya mibuni ndiyo inayoteremka huko. Mama asitembee mteremko wote. Apite makumbusho, aingie mwanzo wa njia kadiri atakavyoweza, ashike matawi, akague majani, atoe kasoro (atatoa tu), kisha ashuke kwa gari la kebo, lile linaloning'inia kwenye waya. Kutoka juu ya kebo ataona mibuni na migomba kwa chini. Jioni rudini kwa kebo hiyo hiyo, lakini msingoje saa ya kufunga. Foleni yake nimeipanga na sina hamu nayo tena.

Mwambie pia kwamba bustani hii si ya mfanyabiashara aliyependa harufu ya kahawa. Ilifunguliwa mwaka 1995, na walioianzisha ni shirikisho la wakulima wa kahawa wa Kolombia. Kahawa yao ni arabika, na kwa kuwa mashamba yako kwenye miteremko mikali, huchumwa kwa mkono, punje mbivu moja moja. Oktoba mkitoka kwenda miji ya jirani ya Salento au Montenegro mnaweza kuwakuta wachumaji kazini, vikapu vikiwa viunoni.

Sasa binti. Kuna rola kosta inayoitwa La Broca. Asipande kabla bibi yake hajamweleza broca ni nani: ni yule mdudu mdogo mweusi, hafiki hata milimita 2, jike lake hutoboa tunda la kahawa na kutaga ndani, mabuu yakala buni. Asili yake ni Afrika, kwetu huku, na Kolombia aligunduliwa mwaka 1988. Dawa kubwa ya mkulima ni kutoacha tunda hata moja mtini au chini baada ya mavuno. Mpwa wangu aliposikia hayo alipanda akipiga kelele kwamba yeye ndiye mdudu. Nadhani hakuna makumbusho yaliyowahi kumfundisha haraka hivyo.

Onyesho la ngoma linalosimulia habari za kahawa msilikose. Ulizeni saa zake mkiingia, na mfike mapema, viti hujaa.

Mengine ni mafupi. Tiketi ziko za aina kadhaa: mama mnunulie ya bei ndogo, yenye mashine nyingi ni ya binti na baba yake. Nje ya msimu wa likizo bustani haifunguliwi kila siku, basi hakikisheni siku kabla ya kutoka Bogotá. Kutoka kituo cha mabasi cha Armenia kuna mabasi madogo yaendayo huko moja kwa moja, yana jina la bustani kiooni. Chukueni makoti ya mvua na viatu visivyoteleza.

Mkiomba kahawa nyeusi semeni *tinto*. Hispania neno hilo lingewaletea divai nyekundu, Kolombia ni kikombe kidogo cha kahawa. Mama ataionja, atasema ni nyepesi na haina tangawizi. Usimbishie, mwagizie cha pili.