Sanaa ya Sauti Ndani ya Tuktuk

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu alinipandisha tuktuk usiku kutoka Kongowea hadi Mji wa Kale, hapa Mombasa, akanivalisha spika za masikioni zenye minong'ono na mivumo isiyo na mdundo, akaniambia hiyo ni sanaa. Ni sanaa gani isiyoimbika? – Mama wa Kisauni

JIBU: Mama, sanaa ya sauti haidai kuimbika, kwani malighafi yake ni sauti yoyote, na mahali inaposikilizwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwaka 1967, msanii Mmarekani Max Neuhaus alipanga mitambo midogo ya kurushia mawimbi ya redio kando ya barabara moja mjini Buffalo, hivi kwamba kila dereva alisikia redioni mwake mpangilio tofauti, kutegemea mwendo wa gari na upande alikotokea.

Usiku unafaa kwa sababu macho, yakikosa mengi ya kutazama, huyaachia masikio kazi. Juu ya Daraja la Nyali, sikiliza magurudumu yanavyogonga viungo vya daraja, tak, tak, chini ya ule mvumo. Kisha mkiingia barabara ya Ndia Kuu, mle Mji wa Kale, ambako kuta zimekaribiana, mngurumo wa injini huwarudia ukiwa mzito zaidi. Rekodi hiyo hiyo ukiisikiliza sebuleni (nami nimewahi kujaribu ya namna hiyo), utachoka upesi.

Mkirudia safari, punguzeni sauti na mwache sikio moja wazi. Dereva, yeye, asivalishwe chochote.